Ukilazwa au ukiuguza: namna ya kushika haki zako hospitalini, hatua kwa hatua

Simu huingia usiku, mara nyingi baada ya saa tatu. "Shangazi, wameleta karatasi ya upasuaji, tusaini?" Kesho yake mwingine: "Shangazi, wanasema bila PF3, ile fomu ya polisi, hawamgusi." Wiki ijayo: "Bili imefika laki nane, wanasema hatoki mtu." Nilimuuguza mama yangu miaka miwili, wodi tatu tofauti, na tangu hapo ukoo mzima umenigeuza dawati la maulizo. Maswali ni yale yale, kwa hiyo naandika mara moja, ninyi mpelekeane.

Mimi si daktari wala wakili. Ninayoandika ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina wizara yake ya afya na taratibu zake. Haki zenyewe hazikai kwenye kitabu kimoja. Nyingine zimo kwenye sheria ya madaktari ya 2017, nyingine kwenye ya wauguzi ya 2010, ya UKIMWI ya 2008, ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, nyingine kwenye Sera ya Afya ya 2007. Nyingine zimebandikwa pale pale mapokezi kwenye mkataba wa huduma kwa mteja, bango ambalo watu huliegemea wakisubiri kuitwa. Huna haja ya kuzikariri. Unahitaji kujua useme nini, kwa nani, na ukiwa na karatasi gani mkononi.

Vya kuandaa kabla ya kutoka nyumbani

- Daftari dogo na kalamu. Hiki ndicho kifaa kikuu, nitakirudia mpaka mnichoke.
- Kitambulisho cha NIDA au namba yake, kadi ya bima kama ipo, na kadi ya kliniki kwa mjamzito au mtoto.
- Makaratasi yote ya nyuma: vyeti vya dawa, majibu ya maabara, filamu za eksirei, barua ya rufaa. Yatie kwenye bahasha moja.
- Dawa anazotumia mgonjwa, katika maboksi yake, pamoja na za mitishamba. Usione aibu kuzitaja; daktari asiyejua unakunywa nini anaweza kukupa dawa inayogombana nayo.
- Barua ya serikali ya mtaa au kijiji, ikiwa familia haina uwezo wa kulipa. Kuifuata siku ya bili ni kuchelewa.
- Msemaji mmoja wa familia. Ndugu sita wakimfuata daktari mmoja kwa zamu, kila mmoja atarudi na jibu lake.

Hatua zenyewe

1. Ikiwa ni dharura, dai huduma kwanza, karatasi baadaye.

Mtu anayevuja damu, asiyepumua vizuri, aliyezimia au mwenye uchungu uliokwama anahudumiwa kwanza. Pesa, bima na fomu vinafuata. Useme hivi, kwa sauti ya kawaida: "Sista, huyu ni wa dharura. Naomba aonwe sasa, mimi nashughulikia malipo."

PF3 ndiyo inayowachanganya wengi. Ni fomu ya polisi kwa majeruhi wa ajali, ugomvi, kuchomwa kisu, kubakwa na mengine ya namna hiyo. Daktari huijaza, nayo hutumika polisi na mahakamani. Ni muhimu sana kwa kesi, lakini haisimamishi damu. Aliyeumia vibaya aanze kutibiwa na ndugu mmoja aende kituoni kuifuata. Kwa aliyejeruhiwa kidogo, pitieni polisi kwanza, mtapunguza mzunguko.

Kwa aliyebakwa: asioge, asifue nguo, na afike hospitali haraka iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Ulizia kama hospitali ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana sehemu moja. Kama hakipo, polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usisimulie mkasa wako kaunta mbele ya watu.

2. Dirishani, uliza bei na msamaha kabla ya kulipa.

Una haki ya kuambiwa gharama mapema. Kwenye hospitali za serikali malipo hutolewa kwa namba maalumu ya malipo, unalipia benki au kwa simu, na risiti inatoka. Ukiambiwa "nipe mimi, nitakulipia", kataa kwa upole. Pesa iliyopita mkononi bila risiti haijalipwa.

Kwenye vituo vya umma wanaostahili msamaha ni wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Dawa za kifua kikuu, ukoma na ARV ni bure, na chanjo za watoto pia. Asiye na uwezo na hayumo kwenye makundi hayo aende kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na hapo ndipo ile barua ya mtaa inapofanya kazi.

Sitawadanganya: mjamzito anaweza kuambiwa huduma ni bure, kisha akapewa orodha ya glovu, pamba na dripu akanunue nje. Sera inasema bure, stoo inasema hakuna. Usipigane na nesi, si yeye aliyemaliza stoo. Mwombe akuandikie kwenye cheti kwamba vifaa havikuwepo, kisha kitunze pamoja na risiti ya duka la dawa. Ukija kulalamika utakuwa na cha kuonyesha.

Wenye bima: msisaini fomu ya bima ikiwa tupu. Soma kilichoandikwa. Kama kuna kipimo ambacho hukufanyiwa, sema hapo hapo. Dawa isipokuwepo dirishani, uliza fomu ya kuichukulia kwenye duka lenye mkataba na mfuko wako wa bima, kabla ya kutoa pesa yako.

3. Jua anayekutibu ni nani.

Mwulize jina na cheo, uandike kwenye daftari pamoja na saa. "Samahani Dokta, naomba jina lako, mzee akiniuliza nimwambie." Hakuna anayekasirika akiulizwa hivyo. Daktari bingwa, daktari wa kawaida, intani (daktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo) na mwanafunzi wote huvaa koti jeupe, na unastahili kujua nani ameshika sindano. Hospitali za kufundishia zina wanafunzi wengi. Wakija kumi kuzunguka kitanda, unaweza kukubali, kukataa, au kuomba wabaki wawili. Kukataa kuchunguzwa na wanafunzi hakukuondolei matibabu.

4. Kabla ya kipimo au dawa, uliza maswali matano.

Yaandike ukurasa wa kwanza wa daftari:

a) Naumwa nini, au mnashuku nini?
b) Hiki mnachotaka kufanya kitasaidia nini?
c) Kina madhara gani?
d) Kuna njia nyingine?
e) Nisipofanya, itakuwaje?

Jibu likija kwa lugha ya kitabuni, usitingishe kichwa kwa adabu. Sema: "Dokta, hapo sijaelewa, nieleze kama unamweleza bibi yako." Mgonjwa asiyejua Kiswahili vizuri, au kiziwi, atafutiwe mtu wa kumtafsiria, mtoto wa miaka tisa asigeuzwe mkalimani wa ugonjwa wa mama yake.

Kosa la kawaida ni kuuliza katikati ya raundi kisha kulaumu kwamba daktari hakujibu. Asubuhi ana vitanda arobaini. Uliza swali moja la haraka, halafu omba muda: "Nikuone saa ngapi baada ya raundi?"

5. Karatasi ya ridhaa: soma, uliza, ndipo usaini.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipokosea mimi.

Mama alikuwa na kidonda cha kisukari mguuni. Saa tano usiku ililetwa fomu, nesi ana haraka, taa ya wodi imefifia. Mstari wa "aina ya upasuaji" ulikuwa mtupu. Nilisaini. Asubuhi nikasikia korido inazungumza habari ya kukata kidole, mimi nilidhani ni kusafisha kidonda tu. Nikarudi mbio wodini kupiga kelele, mama akaninyamazisha, akawatazama wote pale kitandani: "Mguu ni wangu. Mbona mnamuuliza yeye?"

Alikuwa na akili timamu saa zote zile, na hakuna aliyekuwa amemuuliza, mimi nikiwa wa kwanza. Intani mmoja, kijana mdogo, akavuta kiti, akageuza ile fomu nyuma na kuchora mguu. Akaweka alama kidole cha pili, akapiga mstari mahali kisu kitakapopita, akaeleza kwa nini kusafisha peke yake kungeacha uozo upande juu. Mama akauliza maswali mawili, akasaini mwenyewe, kwa mkono unaotetemeka.

Basi kanuni ni hizi:

- Mtu mzima wa miaka 18 au zaidi, mwenye fahamu na akili timamu, anajisainia. Mume, kaka mkubwa, mchungaji, hakuna anayechukua nafasi yake. Ndugu husaini pale mgonjwa anapokuwa mtoto au hajitambui.
- Fomu iwe imejazwa jina la upasuaji, upande wa mwili (kulia au kushoto), na jina la daktari aliyekueleza. Tupu haisainiwi.
- Ridhaa ya jambo moja si ridhaa ya kila jambo. Kukubali upasuaji wa kujifungua si kukubali kufungwa kizazi.
- Unaweza kubadili mawazo kabla hawajaanza, hata kama umeshasaini.
- Unaweza kukataa. Utaombwa usaini kwamba umekataa baada ya kuelezwa hatari. Hiyo ni halali, na mlango wa kurudi haufungwi.
- Hajitambui, ndugu hawapo, na kuchelewa kutamwua? Madaktari wataendelea kuokoa maisha bila saini. Hapo wameokoa, hawajakuvunjia haki.

Mtoto wa miaka 15 anaweza kukubali mwenyewe kupima VVU, tangu sheria ya UKIMWI ilipobadilishwa mwaka 2019. Wazazi wengi hawalijui hili wakaja juu kliniki.

6. Linda siri yako.

Majibu yako ni yako. Nesi hana ruhusa ya kuyatangaza wodini, wala kumwambia mwajiri wako, wala shemeji aliyekuja na chungwa. Kipimo cha VVU kinataka ridhaa na ushauri nasaha, na kutoboa majibu ya mtu ni kosa kisheria. Sheria ya 2022 nayo inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupelekea malalamiko.

Omba pazia wakati wa kuvuliwa nguo. Mwanamke anayechunguzwa sehemu za siri anaweza kuomba mwanamke mwingine awepo. Simu ya mtumishi ikielekezwa kwenye kidonda chako, uliza picha inakwenda wapi. Na sisi ndugu tujisemee: nusu ya siri za wagonjwa zinatoka kwenye makundi yetu ya WhatsApp ya familia, wala si kwa manesi.

7. Wodini, andika kila siku.

Tarehe, nani kapita raundi, kasema nini, dawa gani imetolewa saa ngapi, kipimo gani kimechukuliwa na majibu lini. Mistari mitatu inatosha. Siku zamu ikibadilika na nesi mpya akasema "sijaona dawa hiyo kwenye faili", utafungua ukurasa.

Damu: kwenye hospitali ya serikali damu haiuzwi. Ndugu mnaweza kuombwa mchangie ili kurudishia benki ya damu, na ni vizuri mfanye hivyo. Anayekutajia bei ya chupa anakula rushwa.

Maumivu yatajwe. Akina mama wengi, hasa wanaojifungua, huambiwa wavumilie. Kutukanwa au kupigwa kofi wakati wa kujifungua si sehemu ya matibabu, hata likisemwa ni "kumsaidia asukume". Andika jina, zamu na saa.

8. Ukitaka daktari mwingine au rufaa, sema wazi.

Maoni ya daktari wa pili si tusi kwa wa kwanza. Mwambie: "Tunashukuru, ila tungependa bingwa naye amwone." Rufaa ina ngazi zake: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa, ya kanda kama Bugando au KCMC, hadi Muhimbili. Ukiruka ngazi bila barua unaweza kurudishwa au kulipa zaidi, na wenye bima ndio hupata tabu zaidi. Kabla gari la wagonjwa halijaondoka, hakikisheni barua ya rufaa na nakala za majibu zimo mkononi mwa ndugu anayesindikiza, kwa sababu mgonjwa akifika bila makaratasi vipimo vinaanza upya, na pesa pia.

9. Siku ya ruhusa, usitoke bila karatasi.

Muhtasari wa matibabu wenye jina la ugonjwa, kilichofanyika, dawa za nyumbani, tarehe ya kurudi kliniki. Uliza pia dalili zipi zikitokea mrudi haraka. Faili lenyewe hubaki hospitali, lakini yaliyomo kukuhusu unaweza kuyaomba: andika barua fupi kwa Mganga Mfawidhi (daktari mkuu wa hospitali), weka nakala ya kitambulisho. Ndugu akiomba kwa niaba, mgonjwa aandike idhini.

Ikikwama

*"Hatoki mpaka mlipe."* Deni la hospitali ni deni kama deni jingine, linaandikwa na kudaiwa, Katiba, ibara ya 15, inampa kila mtu haki ya kuwa huru, na mtu hageuzwi rehani. Lakini usitoroke usiku na mgonjwa. Omba bili yenye mchanganuo, ikague na daftari lako (kipimo kilichohesabiwa mara mbili nimekikuta kwa macho yangu), kisha nenda kwa ustawi wa jamii na mhasibu muandikishiane kulipa kidogo kidogo. Ombeni nakala ya makubaliano.

*Maiti imezuiwa.* Serikali imeshaelekeza zaidi ya mara moja kwamba marehemu asishikiliwe kwa sababu ya deni. Mwoneni Mganga Mfawidhi mwenyewe, msimalizane na mlinzi wa mochwari. Akikataa, Mganga Mkuu wa Wilaya.

*Wameomba "ya soda".* Usitoe, usigombane. Kumbuka jina, mahali na saa, piga TAKUKURU namba 113, bure.

*Mgonjwa anazidiwa na hakuna anayekuja.* Mfuate mkuu wa wodi. Hayupo? Uliza daktari wa zamu ni nani, akapigiwe simu mbele yako. Tumia maneno ya hali: "anapumua kwa shida tangu saa nane", "mkojo hajapata tangu jana". Hayo huwainua watu vitini kuliko "mnatudharau".

*Nesi mkali.* Ukali peke yake mwachie Mungu, huenda ana wagonjwa hamsini na msaidizi mmoja. Matusi, kipigo au kunyima dawa, hilo ni lalamiko.

Namna ya kulalamika pakasikika

Panda ngazi moja moja: mkuu wa wodi, ofisi ya huduma kwa wateja, Mganga Mfawidhi, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa. Namba ya Wizara ya Afya ni 199. Kosa la kitaaluma la daktari linapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. La nesi au mkunga, Baraza la Uuguzi na Ukunga. Sanduku la maoni ni la kusifia na la mambo madogo, usitie humo jambo la kufa na kupona.

Barua iwe ukurasa mmoja. Mfano:

"Mimi ni binti wa mgonjwa aliyelazwa wodi ya wanaume, kitanda 14. Tarehe 3 saa 2 usiku aliandikiwa sindano ya maumivu. Hadi saa 11 alfajiri hakuchomwa, ingawa niliomba mara tatu, saa 4, saa 6 na saa 8. Naomba kujua sababu, na kuhakikishiwa kwamba dawa zitatolewa kwa wakati. Naomba jibu kwa maandishi."

Hakuna "mnauwa watu", hakuna "tutawaonyesha". Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo.

Ukifikiria mahakama, angalia kalenda. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, na hospitali ikiwa ya serikali lazima itangulie notisi ya siku 90. Asiye na pesa ya wakili atafute msaidizi wa kisheria wa wilayani kwake. Tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 wanatambulika rasmi. Kitu cha kwanza atakachokuuliza ni makaratasi, kwa hiyo ombeni nakala za faili wiki hiyo hiyo, msingoje arobaini ipite.